Simenti Ni ya Wenye Kukaa

Pwaa.

Mara moja tu, halafu kimya. Luqman alifumbua macho gizani akabaki chali, mikono kifuani, akingoja sauti irudi na kuomba isirudi. Aliijua. Ilikuwa sauti ya turubai lililokazwa juu ya fito, upepo wa ziwa ukiingia chini yake, ukilijaza, kisha ukiliachia.

"Umesikia?" mkewe Mwanamvua alinong'ona.

"Bati hilo. Linapoa."

"Bati halisemi hivyo, Baba Ikram."

"Lala, Mama Ikram."

Mwanamvua alilala. Yeye hakulala, maana katika nyumba ile hapakuwa na turubai, hata kipande cha kufunikia kuni. Alikuwa amelikataa kwa makusudi. Msingi ulikuwa wa mawe, umepanda mpaka magotini. Kuta zilikuwa za matofali ya kuchoma, unene wa tofali zima, na juu yake zege lilizunguka nyumba kama mkanda kiunoni. Milango ilikuwa ya mninga. Majirani wa mtaa wa Rusimbi walikuwa wakipita wanamtania: "Injinia, hiyo nyumba au gereza? Siku ya kiyama sisi wote tutahamia kwako!"

Luqman alikuwa akicheka. Hakuwa injinia, alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, amesomea chuoni, na huko chuoni alijifunza jambo moja lililomkaa moyoni kama shairi. Kila jengo husema muda wake. Fito husema leo. Udongo mbichi husema msimu huu. Tofali la kuchoma husema watoto wangu. Jiwe husema wajukuu. Mwenye kuchora huchagua kitu cha kujengea, na akishakichagua, amekwisha kuwaambia watu watakaa kwa muda gani.

Aliliamini hilo. Na kwa imani hiyo, miaka ile ziwa lilipokuwa likileta watu kutoka Kongo, alifanya kazi yake vizuri kupita kiasi.

*

Asubuhi Mwanamvua alimkuta binti yao amelala sakafuni. Ikram alikuwa na miaka saba, na chumba chake kilikuwa upande wa ziwa. Godoro lilikuwa kitandani, shuka limetandikwa, na mtoto amejikunja juu ya simenti tupu, mgongo kwenye ukuta.

"Wewe! Mbona umelala chini kama paka?"

"Yeye hajazoea kitanda," Ikram akasema, akijinyoosha.

"Nani?"

Mtoto alionyesha ukuta kwa kidevu.

Mwanamvua alicheka, kile kicheko cha mama anayekataa kuogopa kabla ya chai. Kisha akaweka kiganja ukutani na kicheko kikakoma. Ukuta ulikuwa umelowa. Haukuwa unyevu wa mvua unaopanda kutoka chini. Yalikuwa matone madogo madogo, yamejipanga toka juu hadi chini, na kila moja lilikuwa la uvuguvugu. Aliposogeza pua alisikia harufu ya plastiki iliyolala juani, ya moshi wa kuni mbichi, na chini ya hizo, harufu ya udongo.

"Baba Ikram, njoo uone nyumba yako inatoka jasho."

Luqman alikuja, akatazama, akageuka upesi. Alikwisha kuona matone ya namna ile mara nyingi, alfajiri, ndani ya vibanda alivyovichora mwenyewe. Watu walipolala wengi chini ya turubai moja, pumzi zao zilipanda, zikagota, zikawa maji, zikawadondokea usoni.

"Unyevu tu," alisema. "Nitapiga lipu ya pili."

*

Fundi Gharib alikuja na mwiko wake na mdomo wake. Ndiye aliyechoma matofali ya nyumba ile, na ndiye aliyeyapanga, na kila alipoingia alizipiga kuta makofi kama mtu anayesalimia ng'ombe wake.

"Huu ukuta unadai lipu ya nini? Unataka kuoa?"

"Unatoa maji."

"Ukuta wangu hautoi maji. Labda umemkumbuka mama yake." Gharib akacheka peke yake, akachota simenti, akaibandika, akaikandamiza.

Jua lilikuwa limesimama katikati ya mbingu, saa ambayo hakuna mtu anayefikiria kuogopa, na nje mwanamke alikuwa akipita akinadi migebuka. Gharib alivuta mwiko kutoka kushoto kwenda kulia. Ukuta ukaingia ndani mbele ya mwiko wake. Uliingia polepole, kama shavu la mtu anayevuta pumzi, ukakaa, kisha ukatoka, ukavimba, ukamsukuma fundi kifuani kwa upole. Simenti mbichi ikadondoka yote kwa pamoja. Pwaa.

Gharib aliangusha mwiko. Hakuuokota.

"Umeona?" alinong'ona.

"Sijaona kitu."

"Luqman. Umeona."

"Mchanganyiko ulikuwa mwepesi, Gharib. Umezidisha maji."

Uso wa Gharib wenye utani ulikuwa umekauka. "Siku ile tunachimba udongo," alisema, akipunguza sauti mpaka ikawa ndogo kuliko ile ya muuza samaki, "nilikuuliza kitu. Unakumbuka nilichokuuliza?"

"Nakumbuka."

"Na wewe ukanijibu."

"Nilikujibu."

"Basi," Gharib akasema, na kuifuta mikono yake kwenye suruali, na kuifuta tena. "Mimi niliamini jibu lako. Hilo ulijue."

Akaondoka, na mwiko wake ukabaki sakafuni.

*

Usiku ule Luqman alikwenda kulala chumbani kwa Ikram, juu ya jamvi, akijiambia kwamba ni kwa ajili ya mtoto. Taa ya chemli aliiacha ukumbini. Mwezi ulikuwa juu ya ziwa. Alipokuwa karibu kupitiwa na usingizi aliona kwamba ukuta umeanza kung'aa, si dirisha, ukuta wenyewe, matofali na lipu na unene wake wote, umekuwa wa buluu hafifu, buluu ile ile ya turubai mwezi unapolipiga kwa nje, na ndani ya buluu ile kulikuwa na kivuli kimesimama, kifupi, kimetulia, kama mtoto anayesubiri mlangoni aambiwe karibu. Na Luqman alitaka kupiga kelele akakuta ulimi umemkauka, akataka kuamka akakuta miguu imekuwa ya mtu mwingine, akatazama tu, akatazama jinsi kivuli kile kilivyoinua mkono na kuuweka juu ya ukuta kutoka upande wa pili, na jinsi ukuta ulivyofuata mkono ule, ukavutika, ukachongoka, vidole vitano vidogo vikijitokeza ndani ya chumba vimevikwa lipu kama vidole ndani ya shuka, na jinsi Ikram, macho yamefumba, alivyonyanyua mkono wake mwenyewe kutoka usingizini, bila haraka, kama mtu aliyezoea, akaulaza kiganja kwa kiganja.

Alipomrukia binti yake na kumkumbatia, mwili wa mtoto ulikuwa wa baridi kama samaki.

Akambeba mbio kuelekea nje. Alipovuka mlango, pumzi ya Ikram ilikatika. Haikupungua, ilikatika, kama uzi. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakuna kilichoingia wala kilichotoka. Mwanamvua, aliyekuwa amefuata nyuma, alipiga ukelele, akampokonya mtoto, akarudi naye ukumbini bila kujua anachofanya, na pale pale, ndani ya kizingiti, kifua kikapanda.

Walijaribu tena alfajiri, kumpeleka hospitali. Walifika hatua chache tu uani, pumzi ikakatika tena. Daktari alikubali kuja nyumbani, akampima, hakuona malaria, hakuona homa ya mapafu, akashauri mtoto atolewe apate hewa. Mwanamvua alimshukuru na kulia.

Tangu hapo Ikram hakula. Alilala sakafuni, mkono ukutani, na kila siku ukuta ulikuwa na joto zaidi na yeye baridi zaidi.

*

Luqman alijua. Hakuna hata saa moja ambayo hakujua.

Alikijua kibanda kilichokuwa mwisho wa safu, katika kambi ya muda iliyokuwa ufukweni kupita Kibirizi, ambayo sasa haipo. Aliichora yeye. Fito, kamba, turubai. Shirika lililomwajiri lilitaka vibanda vya haraka. Neno "kupita", kwamba ni vibanda vya watu wa kupita, aliliongeza mwenyewe. "Kilichofungwa kwa kamba hufunguliwa," alizoea kuwaambia wasaidizi wake, akijisikia mwenye hekima. Kila aliyekutwa akikanda udongo aliamriwa auvunje, maana aliyeinua tofali amekwisha kuanza kukaa.

Katika kibanda kile alikaa Rozalia, mwanamke wa ng'ambo, na mtoto wake wa kiume. Mvua zilipoanza kuingia kwa chini, Rozalia alifyatua matofali mabichi kwa mikono, akayapanga kuzunguka mahali mwanawe alipolala, ukuta wa kufika kwenye goti tu. Luqman alikuja akauona. Hakugomba. Aliuangusha kwa mguu, kwa upole, kama anayemfundisha mtu.

Mvua ilinyesha mfululizo. Mtoto akalala katika maji, akakohoa, akafa.

Ardhi ya pale ilikuwa mawe na maji. Walimzika juu ya kichuguu kikubwa, mahali pekee palipokuwa pakavu. Luqman alitoa kipande cha turubai kiwe sanda, na siku ile alijiona mkarimu. Walipokwisha kufukia, wakachomeka kijiti chenye kitambaa, Rozalia alimvuta pembeni.

"Fundi, minajua weye unaweza. Simenti kidogo tu, pa kichwa yake. Uandike jina. Sisi watatupeleka mbali, mutoto atabaki peke yake."

Simenti ilikuwapo stoo. Lakini alikwisha kuzoea jibu lake, na jibu lilitoka lenyewe:

"Mama, simenti ni ya wenye kukaa. Ninyi ni wa kupita."

Rozalia alimtazama bila hasira.

"Sisi ni ya kupita," alisema. "Yeye anakaa."

Hapo Luqman akaahidi. Rozalia akamfundisha jina la mwanawe, maana lilikuwa jina la kwao, geni kinywani mwa mtu wa Ujiji. Akamrudisha na kumrudisha mpaka alipolitamka sawasawa. Kisha malori yakaja, yakawachukua.

Hakuandika. Kwanza ilikuwa mvua. Kisha ilikuwa kazi. Kisha ilikuwa aibu ya kuchelewa, na aibu ya kuchelewa haina siku inayokwisha. Kambi ikafungwa, kamba zikafunguliwa, upepo ukafagia. Na kiangazi kilipofika, Luqman akitaka kujenga, alikumbuka kile ambacho kila fundi wa Kigoma anakijua: hakuna udongo wa tofali kama udongo wa kichuguu. Hauna mchanga, hauna mizizi, ukichomwa hautoi ufa. Vichuguu vya karibu na mji vilikwisha kuchimbwa zamani. Kimoja kilikuwa kimebaki.

Kijiti kilikuwa kimelala. Gharib alikiona, akasimama na jembe begani. "Injinia, hapa pana mtu?"

"Hapana mtu," alisema Luqman. "Chimba."

*

Bi Lulu aliletwa na Mwanamvua, mchana, kutoka soko la Mwanga. Aliuza vitenge, na alipunga majini, na kazi zote mbili alizifanya kwa mdomo mmoja wa haraka.

"Shikamoo, Bi Lulu," Luqman alisema.

"Marahaba. Kibanda changu nimemwachia jirani, na yule anawatukana wateja, kwa hiyo tusichelewe. Majini wa mji huu nawajua, wengine tunaamkiana njiani. Huyu wenu yuko wapi?"

Kisha akaingia chumbani kwa Ikram, akanusa, na maneno yakamwishia. Alivua viatu vyake taratibu.

"Nani mwingine anajua habari za nyumba hii?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Fundi aliyeijenga," Mwanamvua akasema.

"Aitwe."

Gharib alikuja, akasimama mlangoni, hakutaka kupita kizingiti. Bi Lulu alifukiza ubani, akamfunika Ikram kanga nyeupe, akasoma, akasoma, mpaka moshi ukaacha kupanda na ukaanza kulala chini kama ukungu wa ziwa. Ikram akaketi. Macho yalikuwa yamefumba. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto, sauti nyororo kabisa, ila lugha yake ilitoka ng'ambo.

"Jambo, mama."

Mwanamvua alijiziba mdomo.

"Jambo, mgeni," Bi Lulu akajibu. "Anayeingia nyumba ya watu hujitaja. Wewe nani?"

"Mimi sikuingia. Mimi nililetwa."

"Umeletwa na nani?"

"Na jembe. Na moto. Na mwiko."

"Unataka nini? Sema nikupe. Asali? Nguo? Jogoo?"

"Hapana."

"Basi nipe jina lako, tuzungumze kama watu."

Ukuta ulivuta pumzi. Wote waliuona. Gharib alianza kusoma Ayatul Kursi, akaisahau katikati, akaanza upya.

"Sina jina," ilisema sauti. "Jina yangu iko na fundi. Mama alimuachia."

Bi Lulu alimgeukia Gharib. Gharib alitikisa kichwa, machozi yakimlenga, akamnyooshea kidole Luqman.

"Baba Ikram," Bi Lulu alinong'ona. "Unalo?"

"Sijui anasema nini."

"Nakuuliza tena mbele ya mkeo. Unalo jina la huyu mtoto?"

"Silijui."

Aliposema hivyo, kiganja cha Ikram kilichokuwa ukutani kiliingia. Kiliingia ndani ya lipu mpaka kwenye kifundo, bila sauti, kama mkono unaoingia katika unga. Mwanamvua aliruka, akamshika kiuno, akavuta, akavuta, na mkono ukatoka umejaa udongo mwekundu chini ya kucha.

"Huu udongo ni wa wapi?" Mwanamvua alisema. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Baba Ikram. Umenilaza ndani ya nini?"



"Kichuguu cha kule kambini," Gharib akasema kutoka mlangoni. "Palikuwa na kijiti, shemeji. Nilimuuliza. Wallahi nilimuuliza."

"Ulimuona? Mtoto mwenyewe?"

"Mimi sikumuona."

"Niliona mimi," Luqman akasema, na sauti yake ikawa ya mtu anayezungumza toka kisimani. "Siku ya mwisho, Gharib alipokwenda kutafuta gari. Niliona ncha ya turubai. Nilifukia. Nilisema moyoni tumechukua udongo wa juu tu, yeye yuko chini, hatujamgusa. Mvua zilipokuja nikarudi kutazama. Kichuguu hakikuwapo tena cha kuzuia maji. Palikuwa na korongo mpaka ziwani." Alitazama kuta. "Yeye hakuwapo. Kilichobaki cha kaburi lake ni hiki hapa."

Nje, watoto wa jirani walikuwa wakicheza.

"Sasa nimeelewa," Bi Lulu alisema. "Sijui kama huyu ni jini au ni mtoto. Kaburi lisilo na jina ni nyumba isiyo na mlango. Apitaye huingia, akavaa alichokikuta. Dawa yake naijua, na si yangu, ni yako. Utamtaja. Akitajwa atatoka, amwachie binti yako pumzi yake. Lakini sikiliza vizuri, Baba Ikram, usije kunilaumu: mgeni akitoka, hutoka na vyake."

"Vyake vipi?"

Sauti nyororo ilijibu yenyewe kutoka chini ya kanga:

"Udongo."

Luqman alielewa kabla ya wengine. Aliinua macho kwenye zege lililozunguka juu, uzito wote ule, na mabati, na mbao za mninga, vyote vimekaa juu ya matofali, na matofali ni udongo, na udongo una mwenyewe. Aliuona uwanja wake ukiwa rundo. Aliwaona watu wa Rusimbi wakiuliza, na Gharib akiwajibu. Hakuna ambaye angempa tena hata banda la kuku alichore. Na aliona aibu, kwamba katika saa kama ile, na binti yake amelala pale, moyo wake bado ulikuwa unapima mbao.

"Nitajenga kaburi," alisema upesi. "Pale pale ufukweni. La simenti, la marumaru hata. Nitaandika, nitamtafuta Rozalia kambi zote. Mwambie anipe muda."

"Mwambie mwenyewe," Bi Lulu akasema. "Mimi nauza vitenge."

Luqman alipiga magoti mbele ya Ikram. "Nipe muda, mwanangu. Nitakujengea nyumba nzuri."

"Iko nzuri hii," ilisema sauti. "Haiingize maji."

Mwanamvua hakungoja zaidi. Alimwinua Ikram, akamweka begani.

"Sikiliza, Luqman." Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu waoane. "Mimi natoka naye nje. Unajua pumzi yake ikivuka mlango inakatika. Sitamrudisha ndani. Simrudishi tena ndani ya kaburi la mtoto wa mwenzangu. Kama unalo jina, litamke. Kama nyumba ni bora, kaa nayo."

"Mama Ikram, ngoja—"

"Bi Lulu, tangulia. Gharib, toka."

Walitoka. Alisikia nyayo zao ukumbini, zikavuka kizingiti, zikaingia kwenye mchanga wa uani. Akasikia kifua cha binti yake kikikwama, sauti ndogo, kama kizibo. Kisha akasikia kimya.

Alikuwa peke yake, na hakuwa peke yake. Mchana ulikuwa mweupe dirishani na chumba kilikuwa cha buluu. Kuta zote nne zilianza kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, kwa pumzi moja ndefu iliyokuwa pumzi ya Ikram, ambayo sasa ilikuwa huku ndani na si huko nje. Na kutoka kila upande viganja vilijitokeza katika lipu, vidogo, vyote ni mkono mmoja, havikumkamata, havikumtisha, viliwekwa tu wazi kama viganja vya anayesubiri kupewa. Na harufu ya mvua ile ikajaa, mvua ya usiku ule alipouacha ukuta wa goti umelala kwenye matope akaenda kulala kwake pakavu, na akajaribu kusema akakuta kinywa kimejaa udongo, laini, usio na mchanga, usio na mizizi, udongo bora kuliko wote, akautema, ukajaa tena, akautema, na ndani yake, chini kabisa ya ulimi, mahali alipolificha asilisikie hata yeye mwenyewe, jina lilikuwapo, zima, kama alivyofundishwa.

"Luqman!" Mwanamvua alilia kutoka uani. "Mtoto anakuwa mweusi! Luqman!"

Juu ya kichwa chake zege lililia, mlio mfupi wa kitu kizito kinachojiandaa. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Hakuukimbilia. Alinyoosha mikono yote miwili, akaweka viganja vyake juu ya viganja vile, akahisi ulivyo mdogo mkono wa mtoto yule.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuambia u wa kupita."

Kisha, kwa sauti iliyofika uani, iliyofika njiani, ambayo Rusimbi yote ingeweza kuisikia, alimtaja:

"Heritier. Heritier Kasongo, mwana wa Rozalia."